Plagi Isiyochomolewa

Kwa mara ya saba asubuhi ile, mjane wa fundi viatu alibonyeza kitufe cha kuwashia, na kwa mara ya saba kompyuta ilinguruma, ikahema, ikamwonyesha kioo cheusi chenye mistari miwili ya maandishi meupe. Wa juu ulisema jambo fulani kuhusu saa. Wa chini ulikuwa Kiingereza chepesi ambacho mtu wa kidato cha nne hashindwi nacho: hakuna diski ya kuwashia, weka diski, kisha bonyeza kitufe chochote.

"Diski hiyo hapo," aliiambia. "Unataka nikuwekee wapi, kichwani?"

Diski yenyewe ililala kando ya kibodi, ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, imevishwa ngozi ya kahawia ambayo marehemu mumewe aliishona kwa mkono ili isikwaruzwe. Kompyuta hii haikuwa na diski ndani. Ya ndani ilikufa miaka mingi nyuma, na mwenyewe, badala ya kuhangaika na nyingine, akaifundisha mashine iwe inawaka kutoka kwenye hii ya nje. "Mtu aliyekatwa mguu anatembea kwa mguu wa kuundwa," alikuwa akisema. "Kompyuta ina nini cha kujidai?" Ikatembea kweli, kila siku ya kazi, hadi siku aliyolazwa.

Sasa ilikuwa wiki ya tano tangu wamzike, na leo ndiyo mara ya kwanza mkewe kuthubutu kukalia kiti chake.

"Mama Sindano," sauti iliita kutoka mlangoni. Jina hilo mtaa mzima ulimpa kwa sababu ya kazi yake: mume alikata soli, mke alishona ngozi za juu. "Nisubiri, au nirudi kesho?"

Aliyeuliza alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mrefu, mguu wake wa kushoto mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita nne. Alikuwa amekaribishwa benchi mara mbili na mara mbili akakataa. Alisimama ameegemea mwimo wa mlango, mkoba begani. Kiatu chake cha kushoto, chenye soli nene ya tabaka tabaka, kilipasuka katikati. Alikuwa amekifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Subiri kidogo, Mwalimu. Naibembeleza."

"Unajua Jumatatu naanza shule mpya. Nikiingia darasani na mpira huu mguuni, wataniita Pancha kabla sijashika chaki."

Mjane alicheka, kisha akajishangaa kuwa amecheka.

"Kwani huwezi kunipima tu upya?" mwalimu aliuliza kwa upole.

"Kukupima naweza. Hata baba watoto alikupima, ile jozi ya kwanza, unakumbuka? Sentimita zilitimia, na mgongo ukakuuma miezi miwili."

"Nakumbuka. Nilikuwa nasahihisha madaftari nimelala kifudifudi."

"Basi. Ilimchukua jozi tatu kujua soli yako ilale vipi, iinuke wapi, ipungue wapi. Yote hayo yamo humu." Aligusa ile ngozi ya kahawia kwa kidole kimoja. "Wewe na wenzako thelathini."

Ndiyo iliyokuwa hali. Fundi alichora kila mguu kwenye kompyuta, akauchapa kwenye karatasi, akaibandika karatasi juu ya soli na kukata vyote pamoja. Jozi moja, karatasi moja, na karatasi ikaisha na kazi. Hakuna nakala iliyobaki hata kwenye kapu la takataka. Kama michoro imekufa, watu thelathini na mmoja wangeanza upya kuumwa migongo, na mikono ya Mama Sindano isingekuwa na soli ya kushonea chochote.

*

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alirudi kutoka kazini saa sita na nusu. Alikuwa mtunza stoo, na kila jambo duniani kwake liliingia au kutoka. Tangu msiba alikuwa amehamia chumba cha uani ili nyumba isibaki na wanawake wawili peke yao, yeye mjane na mama mkwe.

"Bado?" aliuliza, akitazama kile kioo cheusi.

"Bado, shemeji."

"Huyu amemfuata mwenyewe. Kitu kisichotoa wala kuingiza, kwetu stoo tunakipigia mstari mwekundu."

Mwalimu alitazama vidole vyake. Shemeji naye akasikia alichokisema kikimrudia masikioni, akaanza kuchomoa nyaya. "Twende dukani kwa yule fundi wa kompyuta," alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Nitabeba mimi. Wewe beba hiyo sabuni yako."

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa miwani kwenye paji la uso. Wateja watatu walikuwa wamekaa wakisubiri, na kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine walisikiliza. Alichomeka, akawasha, akasoma, akazima. Yote hayo hayakuzidi muda wa kupiga chafya.

"Mama, nani alikudanganya kwamba kompyuta hii inawaka kutoka kwenye kidude hiki?"

Mteja mmoja alicheka puani.

"Mume wangu."

"Basi mwite aje aiwashe yeye."

Shemeji alikohoa. "Hayupo."

"Akirudi."

"Harudi," mjane alisema.

Feni ya dukani ilizunguka. Fundi alishusha miwani machoni, akaipandisha tena. "Poleni," alisema, akishughulika na bisibisi isiyokuwa na kazi. "Poleni sana. Mimi nashauri hivi: tuweke diski mpya ndani, tupige windows mpya, kompyuta iwe kama imetoka kiwandani. Na hii ya nje tuifute, ikutunzie picha na nyimbo."

"Kuifuta ni kufuta vilivyomo?"

"Diski isiyowaka imebeba takataka tu, mama."

Mama Sindano alinyoosha mkono, akaichukua diski kutoka mezani, akaitia kwenye mkoba na kuufunga zipu. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama mtu anayemwondoa mtoto mbele ya jiko. "Asante, dada. Tutaibeba kama ilivyo."

"Namba yangu iko kwenye kibao cha mlangoni," fundi alimwita wakiwa wameshafika barabarani.

Njiani shemeji aliibeba kompyuta kifuani kama mgonjwa, jasho likimtiririka. Hakulalamika hata mara moja, na mjane akaelewa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa samahani ya mstari mwekundu.

*

Mwalimu walimkuta palepale mlangoni. "Nimemwambia Bibi nitamlindia nyumba," alisema. "Amenijibu nyumba haina miguu, haiwezi kukimbia."

Kompyuta ikarudishwa mezani, na Mama Sindano akakaa, mikono mapajani, akiitazama. Mumewe alikuwa na kanuni moja ya kazi ambayo aliirudia hadi ikamchosha kila mtu: kiatu kikiuma, usianze na mguu unaouma, anza na ule mzima, ujue uzima unafananaje.

"Mwalimu," alisema polepole, "huo mkoba wako una kompyuta?"

"Ninayo ya mapajani. Ya kuandikia mitihani."

"Hiyo ni nzima?"

"Ni kongwe, lakini nzima."

"Basi tuanze na mzima."

Walichomeka diski kwenye kompyuta ya mwalimu. Taa yake ndogo ya buluu ikakonyeza, mara moja, mara mbili, na dirisha likafunguka lenyewe. Yalitokea mafaili, moja chini ya jingine: Mwalimu Kushoto, Mwalimu Kulia, Dereva Mzee, Mpishi wa Hospitali, Pacha Mdogo. Miguu yote, imepangwa kama viatu mlangoni kwenye karamu.

"Takataka!" mjane alisema. "Ameiita takataka!" Alifuta macho kwa kiganja, akacheka, akafuta tena.

"Fungua wangu," mwalimu alisema.

Hawakuweza. Kompyuta ya mitihani haikuijua programu ya kuchorea soli. Ilitoa ukurasa wa alama zisizosomeka kisha ikaomba radhi. Programu ile ilikuwa ndani ya diski hiyohiyo, na ingefanya kazi siku tu ambayo mashine ya marehemu ingekubali kuwaka nayo.

"Sawa," Mama Sindano alisema, na sauti yake haikuwa tena ya asubuhi. "Diski ni nzima. Mashine inawaka taa, inazungusha feni, inaandika. Basi ugonjwa uko katikati."

Wakabadilisha waya, wakatumia wa mwalimu. Kioo cheusi. Wakahamisha diski kutoka tundu la mbele hadi la nyuma. Kioo cheusi. Shemeji akapendekeza waipulizie vumbi, akapuliza yeye mwenyewe, akapiga chafya mara nne. Kioo cheusi.

"Kwani nani aliichomoa?"

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa mbao uliogawa karakana na chumba cha mama mkwe. Macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu, lakini masikio yalikuwa ya msichana.

"Nani alichomoa nini, Mama?" mjane aliuliza.

"Umeme wa hilo dude. Tangu msiba, kila jioni mkifunga nasikia plagi sita. Mwanangu alikuwa anachomoa tano."

Mjane alisimama. Ilikuwa kweli kwamba kila jioni mumewe alipita karakana nzima akichomoa plagi, kwa kuogopa moto: cherehani, mashine ya kupigia msasa, jiko la gundi, printa, taa ya meza. Na tangu siku ya pili baada ya maziko alikuwa akipita yeye, hatua kwa hatua, akiweka mkono pale ambapo mkono wa mumewe ulikuwa ukipita. Ndiyo kazi pekee ya mume ambayo aliweza kuifanya bila kufundishwa. Aliifanya kwa uaminifu, hakubakisha hata moja.

"Una hakika, Mama?"

"Miaka minane nimelala nyuma ya ukuta huu! Tap, tap, mara tano. Halafu anasema, 'Wewe baki, ulinde.' Nilidhani anaongea na paka."

"Hatuna paka," shemeji alisema.

"Ndiyo maana nilikuwa namhurumia."

Hakuna aliyecheka ila yeye mwenyewe. Mjane alikuwa amekaa tena, mkono mdomoni. "Ni mimi," alisema. "Nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe, huku nadhani namsaidia."

"Ngoja kwanza," mwalimu alisema, akauacha mwimo wa mlango na kuchechemea hadi mezani. "Iwashe tena. Asubuhi yote tunasoma mstari wa chini. Huu wa juu unasema saa haijawekwa, bonyeza kitufe hiki kuiweka. Bonyeza."

Ukurasa wa buluu ulifunguka, na juu kabisa ilikuwa tarehe. Ilikuwa Januari mosi, ya miaka kumi na miwili iliyopita.

Walitazama wote. Mama Sindano alihesabu moyoni. Januari ile karakana ilikuwa haijafunguliwa. Mumewe alikuwa akishona viatu barazani, hana hata mvi moja, hajaanza kukohoa. Kwa kompyuta hii bado alikuwa hivyo. Alihisi wivu, akaona haya kukionea wivu chuma, kisha akachukua simu na kupiga ile namba ya kibaoni.

*

"Dada, ni mimi wa kidude," alisema. "Kompyuta ikichomolewa kwenye umeme, saa yake inarudi nyuma miaka kumi na miwili. Hiyo ni dalili ya nini?"

Upande wa pili fundi wa kompyuta aliguna. "Mbona hukuniambia hivyo?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza nani alinidanganya."

Fundi alivuta pumzi ndefu. "Hiyo nimeistahili," alisema. "Sikiliza, mama. Ndani kuna betri ndogo, mviringo kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kuikumbusha mashine, umeme ukikatika, leo ni lini na diski yake iko wapi. Betri ikifa, mashine inasahau. Mzee aliiambia itafute diski nje. Sasa imesahau, inatafuta ndani, na ndani hakuna kitu. Nadhani alijua betri imekufa, ndiyo maana hakuichomoa."

"Yaani imesahau kwamba ina mguu wa kuundwa."

"Haswa. Mzee wako hakukudanganya."

Mjane alifumba macho kidogo. Kisha akaweka simu mezani na sauti juu ili wote wasikie.

Betri ya namna hiyo ingepatikana kwa muuza saa, lakini Ijumaa mchana alikuwa hafungui. Shemeji alikuwa ameshaanza kuorodhesha kwa sauti vitu vyote vya stooni kwake vyenye betri, pale kijimkono chenye mishipa kilipopenya pazia, kimeshika kipimo cha sukari.

"Chukueni ya humu. Lakini kesho alfajiri nipimwe, mimi si diski."

"Mama, hii ni ya ugonjwa wako."

"Nimeshapima leo, iko sawa. Mkichelewa itapanda kwa hasira."

Walichomoa umeme. Shemeji alifungua ubavu wa kompyuta, akashika tochi ya simu kwa mikono miwili. Betri iliyokufa ilikuwa imekaa kwenye kiota chake, inang'aa kana kwamba haina kosa. Mama Sindano alichukua msharasi, ule mwembamba wa kutobolea ngozi laini, akaupenyeza pembeni na kuiinua bila kugusa kingine. Ile ya sukari ikaingia na kulia *tik*.

"Mkono wa mshonaji huo," shemeji alisema kwa heshima.

Wakawasha. Fundi aliwaongoza kwa simu, mwalimu akisoma, mjane akibonyeza. Wakaweka tarehe ya leo. Mama Sindano aliusogeza mwaka mmoja mmoja, mara kumi na mbili, bila haraka, na mwalimu hakumhimiza. Wakafika kwenye orodha ya pa kutafutia diski. Diski ya nje haikuwemo.

"Haimo," mwalimu alisema.

"Haimo kabisa?" fundi aliuliza.

"Haimo, dada. Mistari miwili tu, yote mitupu."

Shemeji alishusha tochi. Nje mtu alipita akiburuza toroli, na likasikika hadi likapotea.

"Hiyo si mashine ya juzi," fundi alisema, kama anayejisemea. "Angalieni ukurasa wa pembeni. Kuna mahali panauliza mtindo wa kuwaka, mpya au wa zamani. Imesahau hilo nalo. Ipeni wa zamani, mhifadhi, mrudi kwenye orodha."

Wakaipa wa zamani. Safari hii ilikuwemo, mstari wa mwisho. Mama Sindano aliipandisha hadi wa kwanza, akahifadhi, akaondoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyemwaga maji.

Kioo kikawa cheusi. Kikabaki cheusi. Kisha taa ya buluu kwenye diski ikakonyeza mara moja, mara mbili, ikaanza kukonyeza mfululizo, na kioo kikajaa picha ya jozi ya kwanza aliyowahi kuitengeneza bwana yule: viatu viwili vibaya, kimoja kinene kimoja chembamba, vimepangwa juu ya gazeti.

Shemeji alipiga kelele iliyomfanya mama mkwe aulize nani kaanguka. Ndani ya simu fundi alikuwa akipiga makofi, na nyuma yake wateja wake, ambao hawakujua kwa nini, wakapiga pia.

"Tena sasa hata mkichomoa haisahau," alisema. "Na mama, ukihitaji nakala ya diski hiyo, njoo. Hiyo nitaifanya mimi mwenyewe, kwa heshima ya mzee."

*

Faili la Mwalimu Kushoto lilifunguka polepole, tabaka baada ya tabaka. Wayo, mwinuko, kisigino. Pembeni, kwa herufi ndogo, marehemu alikuwa ameacha maneno, na tarehe yake ilikuwa siku mbili kabla ya kulazwa. Mama Sindano aliyasoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini.

"'Jozi ijayo kisigino kiongezwe milimita mbili. Hasemi, lakini akija hakai. Huegemea mlango.'"

Mwalimu, ambaye alikuwa amesharudi kwenye mwimo, alitazama bega lake lililogusa mbao. Akajiondoa. Akasogea hadi kwenye benchi, akakaa kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ni kweli inauma kidogo?" mjane aliuliza.

"Kidogo. Niliona haya kumsumbua tena. Jozi tatu!"

"Sasa itakuwa ya nne."

Printa ikatoa karatasi. Mjane aliibandika kwenye soli, akachukua kisu cha marehemu, ambacho hakuwahi kukitumia, na kuanzia kisiginoni. Sentimita ya kwanza aliikata akifuata mstari kwa jicho, ya pili mkono ukajiendea. Shemeji alikoroga gundi. Mwalimu alikunja ule mpira wa baiskeli, akauliza kama unaweza kupata kazi nyingine pale karakanani, akaambiwa auache. Aje kujaribu kiatu Jumapili jioni, Mama Sindano alimwambia, Jumatatu aingie darasani akiitwa jina lake.

Shemeji alimsubiri muuza saa mpaka akafungua jioni, akarudi na betri mbili: moja ya kipimo cha Mama, moja ya akiba, ambayo aliiandikia tarehe kwa kalamu na kuiweka kwenye droo. Kimeingia, alisema.

Kazi ilipokwisha Mama Sindano alipita karakana kama kila siku. Alichomoa cherehani. Alichomoa mashine ya msasa, jiko la gundi, printa, taa ya meza. Alipofika kwenye kompyuta mkono ulienda wenyewe, ukashika plagi, ukakaa hapo. Fundi wa kompyuta alisema sasa haidhuru. Aliiachia.

"Wewe baki," alisema, "ulinde."

Nyuma ya ukuta kitanda kililia. "Tano," mama mkwe alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejifunika: "Haya mwanangu. Sasa nalala."